Neno "run" katika kijitabu cha chama cha nyumba: tulifasirije?

Mfasiri wa Ngara

Hamjambo wanajukwaa. Nimepewa kazi ya kufasiri kwa Kiswahili kijitabu cha wanachama wa chama kimoja cha ushirika wa nyumba hapa Nairobi. Kiingereza chake ni chepesi, hakina istilahi za kutisha, lakini kitenzi "run" kimetapakaa karibu katika kila ukurasa na kila kinapojitokeza kinadai maana nyingine. Kamati "runs" shughuli za chama. Muhula wake "runs" kwa miaka mitatu. Mwanachama aliyekamilisha kulipia hisa zake anaruhusiwa "to run" katika uchaguzi wa mwenyekiti. Bomba la majitaka "runs" chini ya barabara ya ndani, na kila nyumba imeahidiwa maji ambayo ni "running". Mbele kidogo naonywa kwamba hazina ya ukarabati ikipungua kupita kiasi, chama kinaweza "to run out" ya fedha, na kwamba riba ya deni lililochelewa "runs" tangu siku ya kwanza ya mwezi unaofuata.

Mwenzangu mmoja katika kazi hii ananishauri nitumie "kuendesha" kila mahali panapowezekana, kwa hoja kwamba kijitabu hiki kina nguvu ya mkataba, na katika mikataba neno moja la lugha chanzi linapaswa kuwakilishwa na neno moja la lugha lengwa. Mwingine anasema magazeti na matangazo ya redio yamekwisha kuzoea "kukimbia" hata katika siasa, hivyo msomaji ataelewa tu. Naomba wenye uzoefu wanieleze kama ipo kanuni yoyote ya kuamulia, au kama kila sentensi ni lazima ishughulikiwe peke yake.

Mhariri Mstaafu, Buruburu

Ndugu Mfasiri, nianze na huo ushauri wa pili, kwa sababu ndio wenye madhara makubwa zaidi. Kitenzi "kukimbia" kinapopewa shamirisho katika Kiswahili, kile kinachokimbiwa kwa kawaida ni kitu kinachoogopwa au kinachoachwa nyuma. Mtu hukimbia vita, hukimbia deni, hukimbia nchi, na anayekimbia nchi yake tunamwita mkimbizi, tofauti kabisa na mkimbiaji ambaye hufanya mazoezi kule Iten. Ukiandika kwamba mwanachama fulani "anakimbia kiti cha mwenyekiti", msomaji makini ataelewa kwamba kiti hicho kimemtisha na sasa anakitoroka. Vivyo hivyo, kamati "inayokimbia chama" ni kamati iliyokitelekeza. Mbio za riadha ndizo ambazo zimeruhusiwa kuketi baada ya kitenzi hicho bila kuleta maana ya woga, ndiyo maana tunaweza kusema bila wasiwasi kwamba hayati Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35. Nje ya uwanja wa michezo, ogopa sana shamirisho baada ya "kukimbia".

Kuhusu ushauri wa kwanza, kanuni ya neno moja kwa neno moja ni sahihi, ila mwenzako ameitumia mahali pasipostahili. Kinachotakiwa kubaki kilekile katika mkataba ni dhana, si umbo la herufi. Kama kijitabu kinaitaja "kamati" kwa maana moja tangu mwanzo hadi mwisho, nawe usiite "kamati" ukurasa wa tatu na "halmashauri" ukurasa wa tisa. Lakini muhula unaodumu miaka mitatu na bomba linalopita chini ya barabara si dhana moja hata kidogo. Zimekutana katika Kiingereza kwa ajali ya historia.

Ajali hiyo inafaa kuelezwa, kwa sababu ndani yake imo kanuni unayoitafuta. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili vya jamii moja: kimoja cha kitu kinachokwenda au kutiririka chenyewe, na kingine cha mtu anayekifanya kitu kiende. Kijerumani, ambacho ni ndugu yake, hadi leo kimetunza vitenzi viwili, yaani "rinnen" kwa maana ya kutiririka, na "rennen" kwa maana ya kukimbia, ambacho kwa asili kilikuwa kauli ya kutendesha ya kile cha kwanza. Kiingereza kiliviachia vichanganyike vikawa kitenzi kimoja. Kwa hiyo maana ya maji kutiririka si sitiari iliyokopwa kutoka kwa miguu ya mwanariadha. Ina umri uleule, pengine imeutangulia mguu.

Sasa tazama lugha yetu. Sisi hatukuchanganya. Tuna mnyambuliko, na mnyambuliko hauturuhusu kuficha ni nani anayetenda. Kwenda huzaa kuendesha, kupita huzaa kupitisha, kuisha huzaa kuishiwa. Mwingereza husema kwamba bomba "runs" chini ya barabara na kwamba fundi "runs" bomba chini ya barabara, kitenzi kilekile kwa bomba na kwa fundi, ilhali sisi tunalazimika kusema kwamba bomba linapita na fundi analipitisha. Husema kwamba fedha "ran out" na kwamba chama "ran out" ya fedha. Sisi tunasema fedha zimekwisha, au chama kimeishiwa na fedha. Swali la kwanza la kujiuliza mbele ya kila sentensi, basi, ni hili: je, kitu chenyewe ndicho kinachokwenda, au yupo anayekiendesha? Ukijibu hilo utakuwa umepunguza nusu ya mashaka, kwa sababu utajua iwapo unatafuta kitenzi cha kutenda au cha kutendesha.

Swali la pili linahusu visawe vya Kiingereza chenyewe. Kabla ya kufungua kamusi ya Kiswahili, jaribu kuliondoa neno hilo katika sentensi ya Kiingereza na kuweka jingine lenye maana finyu: "manage" kwa kamati, "last" kwa muhula, "flow" kwa maji, "contest" kwa uchaguzi, "accrue" kwa riba. Neno finyu likikubali kukaa bila kuharibu sentensi, lifasiri hilo, nawe utaona kwamba kusimamia, kudumu, kutiririka, kugombea na kulimbikizwa vinakuja vyenyewe. Tahadhari ni kwamba visawe havilingani uzito, na baadhi yao hubadilisha hadhi ya maneno. "Administer" ingefaa kwa kamati pia, lakini ingemfanya mwanachama wa kawaida adhani anasoma waraka wa wizara.

Kuhesabu maana hakutakusaidia. Toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la mwaka 1989, lilikipa kitenzi "set" nafasi ya kwanza kwa wingi wa maana, zaidi ya 400, kisha marekebisho yaliyofika herufi R mwaka 2011 yakakipa taji hilo kitenzi "run", maana 645 zikiwa za kitenzi peke yake bila kugusa nomino. Mhariri aliyeshughulikia neno hilo, Peter Gilliver, alilifanyia kazi kwa miezi tisa. Sehemu kubwa ya maana hizo mpya zimetokana na mitambo, kuanzia injini za mvuke hadi programu za kompyuta, na katika kijitabu chako huenda usikutane na zaidi ya kumi.

Mzaliwa wa Lamu, sasa Eastleigh

Mwalimu wa Buruburu amesema vyema, lakini naona amelipita "kuendesha" kwa upole mno, nami ningependa kulisimamisha hapo kidogo. Sisi wa pwani tunapomsikia mtu wa bara akisema kwamba fulani "anaendesha" bila kutaja anachokiendesha, jambo la kwanza linalotujia ni kwamba tumbo lake limeharibika. Mtoto anaendesha, mpe maji ya chumvi na sukari. (Cha kuchekesha ni kwamba Waingereza nao wana nomino ya wingi iliyotokana na "run" kwa maradhi hayohayo, ila wao huinong'ona.) Sisemi kwamba kitenzi hicho kiachwe. Kuendesha gari ni sawa, kuendesha mashua ni sawa, kuendesha mkutano ni sawa, na hata mafundi wa kompyuta na "mfumo endeshi" wao sina ugomvi nao, kwa kuwa mashine nayo ni chombo. Ninachokataa ni kuendesha kila kitu: kuendesha chama, kuendesha shule, kuendesha nyumba, kuendesha maisha, hadi siku moja nimesoma katika tangazo kwamba mwajiri anatafuta mtu wa "kuendesha wafanyakazi". Wafanyakazi si punda.

Kiswahili kina ngazi nzuri sana hapa. Mwenye mamlaka ya juu huongoza. Aliyekabidhiwa mali au watu ili awatunze na kutoa hesabu husimamia. Anayefanya kazi ya kila siku ya kukiweka chombo katika mwendo ndiye huendesha. Kamati ya chama cha nyumba imekabidhiwa mali za watu wengine, kwa hiyo inasimamia, na hata sheria za ushirika zikisemwa kwa Kiswahili hapa Kenya utasikia "kamati ya usimamizi". Fundi aliyeajiriwa kuangalia pampu ya kisima ndiye anayeiendesha pampu. Ukiyatenganisha haya mawili, kijitabu chako kitakuwa kimesema jambo ambalo Kiingereza chenyewe kimelifumba, yaani ni nani anayepaswa kuulizwa fedha zikipotea, na ni nani anayepaswa kuitwa usiku wa manane maji yakikatika.

Tukiwa kwenye maji, usifasiri "running water" kuwa "maji yanayotiririka" katika maelezo ya nyumba. Maji yanayotiririka ni ya mto, au ya paa linalovuja. Mpangaji wa Nairobi anachotaka kujua ni kama nyumba ina maji ya mfereji, na kama yanapatikana siku zote au kwa zamu ya wiki. Vilevile sehemu inayozungumzia ufuaji, kama ipo, itakuletea rangi za nguo ambazo "run". Hizo kwetu zinachuja. Mwenye leso inayochuja anajua asiifue pamoja na kanzu nyeupe.

Na kuhusu uchaguzi ningependa kuongeza moja. Huyo aliyekuambia kwamba "kukimbia" kumezoeleka katika siasa amechukua Kimarekani, si Kiingereza. Mwingereza husimama katika uchaguzi, Mmarekani ndiye hukimbia, na Mkenya anapozungumza Kiingereza wala hafanyi lolote kati ya hayo, bali "anavie", kutokana na "vie" yaani kushindania, neno ambalo limeshika hapa kuliko pengine popote. Sisi tuna kugombea na kuwania, na wazee wetu bado husema fulani amesimama. Vyote vitatu vinatosha. Tena angalia jinsi "mgombea mwenza" lilivyotua vizuri, ingawa Wamarekani walilitoa jina lake katika mbio za farasi, ambako farasi wa pili wa zizi moja aliingizwa uwanjani ili amsaidie wa kwanza kushika kasi. Aliyeliunda hakuhangaika na farasi wala mbio. Alijiuliza mtu huyu anafanya nini, akakuta kwamba anagombea pamoja na mwenzake.

Karani wa Sheria, Milimani

Nimeusoma mjadala huu kwa makini kwa sababu nyaraka za aina hii hupita mezani petu mara kwa mara, na mimi nitajibana kwenye sentensi zile ambazo zikifasiriwa vibaya zinaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Katika sheria, muda una tabia ya "to run", na Kiswahili kinachoeleweka ni kwamba muda unahesabiwa au unaanza kuhesabiwa. Sheria ya Ukomo wa Madai, ambayo ni Sura ya 22 ya Sheria za Kenya, inampa mtu miaka 6 ya kudai haki itokanayo na mkataba, miaka 3 kwa madai ya fidia ya madhara aliyotendewa, na miaka 12 kwa madai ya kurejeshewa ardhi. Mambo yote yanategemea siku ambayo saa hiyo inaanza kuhesabu. Ukiandika kwamba muda "unaendelea" au "unakwenda", umesema kweli, lakini hujamwambia mwanachama ni tangu lini. Andika: "Muda utaanza kuhesabiwa tangu siku ambayo malipo yalipaswa kufanywa." Riba nayo ifuate mkondo huohuo. Mhariri amependekeza kulimbikizwa, na kwa maelezo ya jumla halina kasoro, lakini kulimbikizwa kunaweza kumfanya msomaji adhani riba inatozwa juu ya riba. Kama kijitabu hakikusudii hivyo, "riba itahesabiwa tangu" ni salama zaidi.

Muhula wa kamati na mkataba wa kukodisha vinadumu. Vifungo viwili vya jela ambavyo hakimu ameagiza vi-"run" kwa pamoja vinatumikiwa kwa wakati mmoja, na vile vinavyofuatana vinatumikiwa kimoja baada ya kingine; hilo halimo katika kijitabu chako, naamini, na lisiwemo.

Lipo jambo moja ambalo sijui kama umelikuta, lakini katika hati za ardhi halikosekani. Masharti fulani husemwa kwamba "run with the land". Nimewahi kuona fasiri iliyoyaita "masharti yanayokimbia na ardhi", na msomaji akabaki akiwaza ardhi inayotoroka. Maana yake ni kwamba sharti hilo limeshikana na kipande cha ardhi, si na mtu aliyelikubali hapo mwanzo, kiasi kwamba mwanachama akiuza nyumba yake, mnunuzi anabanwa nalo ingawa hakuwepo lilipoandikwa wala hakutia sahihi. Mfano wake ni sharti la kutojenga ghorofa ya ziada, au la kuacha njia ya wapita kwa miguu kando ya ukuta. Ningeandika "masharti yanayoambatana na ardhi", kisha nikaongeza sentensi nzima ya kueleza kwamba yatamfunga kila atakayeimiliki. Kirefu, ndiyo, lakini ufupi hapa humgharimu mnunuzi.

Mfasiri wa Ngara

Nawashukuru sana, Mwalimu, ndugu wa Lamu, na Karani. Nimekwisha kuipitia sura ya kwanza upya, na kamati sasa inasimamia, pampu inaendeshwa, bomba linapita, na muhula unadumu. Sharti la kuambatana na ardhi lipo kweli, katika kiambatisho cha mwisho, na kidogo tu ningelipita.

Limebaki fundo moja. Sura ya uchaguzi wa viongozi ina vifungu viwili vinavyofuatana. Kimoja kinazungumzia "run-off" na kingine "re-run", na rasimu ya zamani niliyokabidhiwa imeviita vyote viwili "uchaguzi wa marudio". Je, kuna tofauti ya kutosha ya kuhalalisha maneno mawili? Pia ningependa kujua mnavyosema "running costs", kwa kuwa ndugu wa Lamu ameniogofya na kuendesha.

Mzaliwa wa Lamu, sasa Eastleigh

Usiogope, "gharama za uendeshaji" limeshakubalika katika vitabu vya hesabu, na halimfikirishi mtu tumbo. Ila kwa wanachama wa kawaida "gharama za kila mwezi" lingekuwa wazi zaidi, ikiwa kweli hulipwa kila mwezi. La uchaguzi namwachia Mwalimu.

Mhariri Mstaafu, Buruburu

Tofauti ipo, nayo ni kubwa, na Wakenya tuliisomea kwa gharama mwaka 2017. Uchaguzi wa urais uliofanywa tarehe 8 Agosti mwaka huo ulibatilishwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Septemba, kisha tukapiga kura tena tarehe 26 Oktoba. Hayo yalikuwa marudio, yaani "re-run", kwa sababu uchaguzi wa kwanza ulihesabiwa kana kwamba haukufanyika. Kifungu cha 140 cha Katiba kinatoa siku 60 kwa hali hiyo. Duru ya pili, yaani "run-off", ni jambo jingine kabisa. Inatokana na Kifungu cha 138, ambacho kinamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti zote 47, yaani kaunti 24 au zaidi. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, uchaguzi mwingine unafanywa ndani ya siku 30 kati ya walioongoza. Hapo uchaguzi wa kwanza unabaki halali. Ndio uliowachuja wagombea. Hatujawahi kufika huko tangu Katiba hii ipitishwe mwaka 2010.

Jambo la kushangaza ni kwamba maandishi ya Kiingereza ya Katiba hayatumii neno lolote kati ya hayo mawili. Vifungu vyote viwili vinazungumza tu juu ya uchaguzi mpya, na tofauti inajulikana kwa sababu iliyousababisha na kwa idadi ya siku. Hayo maneno mawili yenye "run" tuliyapata katika vyombo vya habari, na kwa kuwa yanafanana sauti, watu wengi mwaka 2017 waliyachanganya hata walipokuwa wakizungumza Kiingereza. Sisi hatuna sababu ya kuchanganya: duru haifanani na marudio kwa sauti wala kwa maana.

Rudi basi kwenye kanuni za uchaguzi za chama chenyewe, si kwenye rasimu ya zamani. Kifungu kinachosema kwamba wagombea wawili wa juu watapigiwa kura tena iwapo hakuna aliyepata nusu, au wakifungana, kiite duru ya pili, na utaje kwamba wengine wote wametoka. Kile kinachosema kwamba uchaguzi ukifutwa kwa sababu ya udanganyifu au idadi ndogo ya waliohudhuria utafanywa upya, kiite uchaguzi wa marudio, kisha uwaulize waliokupa kazi jambo ambalo rasimu hiyo haikulisema: je, katika marudio wagombea wapya wanaruhusiwa kujiandikisha, au ni walewale wa mwanzo? Mwanachama atakayetaka kugombea mara hiyo ya pili atafungua ukurasa huo akitafuta jibu hilohilo.